Kiberiti Kwenye Kilemba cha Kashmir

Ijumaa asubuhi, Guangzhou. Mvua inanyesha ile ya kero, haina nguvu wala haikomi, na chumba kizima kinanuka unyevu. Dera langu la jana nimelifua mara mbili na doa bado lipo kifuani. Ni damu, lakini si yangu.

Ni ya Sudi, mdogo wangu wa tumbo moja. Mimi ndiye niliyeimwaga.

Naandika hapa kwa sababu nikisimulia kwa mdomo nitapiga kelele, na majirani wa ghorofa hii washanichoka. Na hasira bado ninayo.

Nianze na kilemba chenyewe, maana bila kilemba hamtanielewa. Kwetu pwani bwana harusi hatoki kichwa wazi. Atavaa kanzu na joho, na juu atafunga kilemba, na kama familia inajiheshimu basi kilemba kitakuwa cha sufu ya Kashmir, kilichotariziwa kwa mkono. Wanawake watakisema wiki nzima. Babu yetu alikuwa nacho kimoja, kikaliwa na nondo ndani ya kabati, na siku kilipotupwa nilimwambia mama kwamba Sudi akioa nitamvisha kingine kizuri kuliko kile. Sudi wakati huo alikuwa hana hata mchumba. Mimi nilishaagiza.

Niliagiza kwa Fundi Nazir. Huyu ni mtu wa Srinagar, huko huko Kashmir, alikuja hapa na mjomba wake aliyekuwa akiuza mashali. Mjomba alirudi kwao, Nazir akabaki. Amepanga chumba Kangle, kijiji kilichomezwa na mji huu, juu ya karakana ya jaketi, na cherehani za chini zinatingisha sakafu yake kutwa. Katika makelele hayo yeye hukaa chini, mgongo ukutani, kitambaa juu ya goti, anatarizi kwa sindano nyembamba kama unywele. Maua huchapwa kwanza kwa unga wa mkaa, halafu yeye anafuata alama za mkaa kwa uzi, ua moja baada ya jingine, mpaka mkaa wote umefunikwa. Kilemba cha Sudi kilimchukua zaidi ya mwaka.

Kazi yake ina nyuso mbili. Nguo yoyote nyingine ukiigeuza unaona mafundo na uzi ulioning'inia, uchafu wote wa fundi. Ya Nazir ukiigeuza unakuta ua lile lile, safi vile vile, ila upande mmoja ni jekundu na wa pili ni la kijani. Baba yake alikuwa akitarizi hivyo, na babu yake, na anasema kwao wanaobaki wakijua ni wazee wenye macho mabovu.

Lile umbo la kwenye kanga tunaloliita korosho, kumbe limetoka kwao. Yeye analiita lozi. Tulibishana siku moja mpaka akaweka sindano chini kwa kucheka, mie nikimwambia mtu mwenye macho anaona wazi hii ni korosho, acha ubishi. Tunaelewana kwa Kihindi changu cha sinema na Kiingereza chake cha sokoni. Huniita baji, yaani dada.

Sasa Sudi. Amekuja wiki hii kununua bidhaa na kuchukua kilemba chake, harusi ni mwezi ujao Dar. Ni kitinda mimba, kipenzi cha mama, ana mabega ya kubeba magunia na akili anaijua mwenyewe. Juzi kule soko la Shahe aliuziwa marobota ya skafu, lebo zinasema pashmina, sufu laini ya mbuzi, alipofika hotelini akachoma moja ikayeyuka kama mfuko wa rambo. Akarudi kumkaba muuzaji shingoni katikati ya mikokoteni na watu. Mimi ndiye niliyemvuta shati mpaka likachanika. Nilipaswa kujua hapo hapo ana mashetani gani kifuani.

Na niwaambie kuhusu kuchoma, maana wasioishi huku watashangaa. Hapa hakuna anayeamini lebo. Ukienda soko la Zhanxi unavuta uzi mmoja pindoni, unaukata, unauchoma pembeni kwa kiberiti cha gesi. Ukinuka nywele zilizoungua, ni sufu. Ukinuka plastiki, mrudishie mtu takataka yake. Wauzaji hawakasiriki, wengine wanakupa kiberiti wenyewe. Mie sigara sivuti na kiberiti hakikosi mkobani. Ni desturi yetu kama vile kubonyeza embe kabla ya kununua.

Lakini unaukata uzi kwanza!

Jana baada ya adhuhuri tukapanda kwa Nazir. Alikuwa amevaa shati jipya. Alituwekea chai, akanawa mikono, akaikausha vizuri, akafungua sanduku lake la bati na kukitoa kilemba. Akakitandaza juu ya shuka jeupe. Yarabi! Niliguna tu kama mtu aliyeguswa jeraha. Nyekundu ile ilikuwa nyekundu ya komamanga, na katikati, pale panapokaa kwenye paji la uso, kulikuwa na korosho moja kubwa yenye maua madogo ndani yake. Nazir alikuwa ananitazama mimi, si kilemba. Alitaka kuuona uso wangu.

Basi nikageuka kumuuliza Sudi anaonaje.

Sudi alikuwa ameshika kiberiti. Hakuvuta uzi, hakukata chochote. Alishika kilemba katikati, akakikunja kwa vidole viwili ile korosho ikajitokeza, akawasha moto na kuubandika pale pale. Nilisikia kiberiti kabla sijaelewa ninachokiona. Kitambaa kikajikunja, kikatoa moshi mwembamba, na chumba kikajaa harufu ya nywele.

Na Sudi akacheka! Wallahi alicheka, kwa furaha kabisa, akanigeukia akasema, "Ni yenyewe, dada! Hawajakuibia!"

Nazir alimpiga kofi. Sikuwahi kumwona mtu huyu akinyanyua mkono hata kwa mende. Alimpiga kofi la mdomo kwa kiganja kizima, kiberiti kikaruka mpaka dirishani, halafu akamsahau Sudi kabisa. Akapiga magoti, akakikumbatia kilemba, akawa anakipangusa kile kidonda kwa kidole, anapuliza, anasema kitu kwa lugha yao ambayo siijui. Tundu lilikuwa na ukubwa wa ncha ya kidole. Kingo zake zilikuwa nyeusi.

Kama Sudi angetoka nje pale, leo ningekuwa naandika habari nyingine. Hakutoka. Alijigusa mdomo, akaona damu, akasema, "Huyu Mhindi amenipiga mimi?"

Akamkamata Nazir kwa nyuma ya shati akamtupa ukutani. Nazir ni mtu mwembamba, alipiga kichwa akateleza chini. Chai ikamwagika. Sudi akampiga teke la mbavu, akampiga la pili, na mimi napiga kelele namvuta mkono na yeye ananisukuma kama mtoto. Nazir akatambaa kulielekea sanduku. Alitaka kukirudisha kilemba ndani, kisikanyagwe. Alikitia kweli, mkono wake wa kulia ukiwa bado ndani ya sanduku, na Sudi akakishika kifuniko cha bati akakishusha.

Nilisikia mlio. Sitauandika.

Akakiinua tena. Nazir alikuwa anapiga kelele kwa sauti nyembamba ambayo sikujua mwanaume anayo. Sudi alimtazama usoni, akaona anachokifanya, mimi ni shahidi kwamba alikiona, na akakishusha mara ya pili kwa uzito wake wote.

Kulikuwa na kigoda cha chuma mlangoni. Nilikishika kwa mguu wake mmoja nikampiga nacho mdogo wangu kichwani.

Alianguka kwenye shuka jeupe. Nikampiga tena begani, nikampiga mgongoni. Alikuwa anajikinga kwa mikono, ananiita dada, dada Rukia, na mimi nilikuwa namsikia vizuri tu na bado nainua kigoda. Damu ilinirukia kifuani. Wanawake wa karakana ya chini ndio waliopanda mbio wakaninyang'anya, mmoja akanikalia kabisa miguuni. Wasingekuja sijui ningeishia wapi. Najidanganya. Ninajua ningeishia wapi.

Na nitasema kitu ambacho mama akikisoma hatanisamehe: nilifurahi. Ile sekunde chuma kilipogonga mfupa, nilifurahi.

Polisi wakaja na pikipiki zao za umeme, nikakitoa kilemba sandukuni nikakitia mkobani mwangu, wakatupeleka hospitali kwanza. Sudi akashonwa utosini, akafungwa bendeji kubwa. Nazir aliingizwa ndani peke yake na mimi nikaitwa kutafsiri, maana Kichina chake kinaishia kwenye kununua mboga. Daktari alikuwa mama mtu mzima, hana maneno ya kubembeleza. Kidole cha shahada na cha kati vimevunjika. Mifupa itaunga. Ila ncha ya kidole cha shahada imepondeka, na kama itarudi kuhisi, yeye hajui.

Ilibidi nimwambie. Nilijaribu kuanza na mifupa, nikaisifia mifupa weee. Nazir akanikatiza akauliza kuhusu ncha. Uzi anaotumia ni mwembamba kiasi kwamba jicho linachoka mapema, na baada ya hapo kinachojua sindano imepita wapi ni ile ncha ya kidole tu. Nikamwambia alivyosema daktari. Akaitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa basi limeondoka, akageukia ukuta.

Nilikuwa koridoni nalia ndipo ujumbe wa sauti wa mama ukaingia kwenye simu. Sudi alishampigia. "Rukia, umempasua kichwa mdogo wako kwa ajili ya Mhindi wa watu? Huko polisi sema unavyojua wewe, lakini mwanangu asikose harusi yake. Umenisikia?" Nilimsikia. Nikairudia ile sauti, kisha nikaizima simu.

Kituoni tulikalishwa wote watatu meza moja. Askari aliyetushughulikia alikuwa kijana mpole, amechoka, chai yake kwenye chupa. Alieleza mambo waziwazi. Tunaweza kupatana hapa hapa, tukaweka sahihi, kila mtu akaenda zake. Tusipopatana, aliyeanza atawekwa ndani na kurudishwa kwao, na mimi na kigoda changu nitakuwa na kesi yangu pembeni. Kisha akauliza swali moja: nani alimgusa mwenzake kwanza?

Sudi hajui Kichina. Nazir hajui cha kutosha. Askari hajui Kiswahili wala Kihindi. Kila kitu kilikuwa kinapita mdomoni mwangu.

Nilimtafsiria Sudi swali. Akatabasamu, na mdomo wake umevimba. "Mimi sitaki uongo, dada. Sema ukweli mtupu. Nani alinyanyua mkono kwanza?"

Na kweli, mkono wa kwanza ulikuwa wa Nazir. Kofi lile wanawake wa chini hawakuliona, lakini mimi nililiona. Nikilisema hilo tu, sijadanganya mtu. Mdogo wangu angepanda ndege, mama angenipigia vigelegele, harusi ingechezwa. Na Nazir, ambaye kibali chake kinaisha mwezi ujao na doa moja tu hakiongezwi, angerudishwa Srinagar na kidole kisichohisi, awe fundi wa kuwasimulia wenzake. Sentensi moja fupi ingetosha, nilikuwa nayo ulimini kabisa. Nazir alinitazama. Alijua vizuri ninaweza kusema nini, na hakuniomba chochote.

Nikamwambia askari, "Aliyeanza ni ndugu yangu. Alimchoma huyu kwa moto."

Askari akamtazama Nazir juu mpaka chini. "Alimchoma wapi?"

Nikakitoa kilemba mkobani nikakitandaza juu ya meza yake, juu ya makaratasi na chupa ya chai. Nikaweka kidole kwenye tundu. "Hapa."

"Hiki ni kitambaa," akasema.

Askari akakisogeza karibu, akakigeuza aone upande wa nyuma. Akakuta maua, ya kijani. Akakigeuza tena, jekundu. Akakigeuza tena. Alikuwa anautafuta upande mbaya, kila mtu huutafuta. Halafu akauangalia ule mkono wa Nazir wenye plasta, akauliza kazi hii ilichukua muda gani. Nikamwambia. Akakikunja yeye mwenyewe, taratibu, akamuuliza Nazir anataka fidia gani.

Sudi aliposikia kwa kinywa changu neno fidia, akaitoa pochi. Fyuu! Ningekuwa na kigoda.

Nazir hakuitazama pochi. Alizungumza nami polepole, nisikosee. Alisema hataki pesa ya mtu huyu, maana akiila itamkaa kooni. Anataka kitu kimoja. Sudi akivae kilemba hiki siku ya harusi yake, kama kilivyo, kisizibwe, kisifumwe, na tundu likae mbele juu ya paji la uso, pale ilipokuwa lozi. Wakwe wakiuliza, awaambie lilivyotokea.

Nikamtafsiria askari. Nikamtafsiria Sudi, neno kwa neno, na sikulilainisha hata moja. Sudi aliniangalia kama ninamtania. Kisha akatazama saa, akatazama mlango, akasema, "Haya. Sawa. Mwambie sawa."

Yakaandikwa. Huku ukipatana unagonga dole gumba lenye wino mwekundu juu ya jina lako. Sudi akagonga, mimi nikagonga. Zamu ya Nazir ilipofika akanyanyua mkono wa kulia kwa mazoea, ukaja na plasta yake yote, ukabaki hewani. Askari akainuka, akazunguka meza, akamshika mkono wa kushoto na kumsaidia kuubonyeza. Mimi nikatazama dari.

Nje mvua ilikuwa ile ile. Nazir alikataa nimsindikize, akaondoka na mmoja wa wale wanawake wa karakana aliyekuja kumsubiri na mwavuli. Hakuniita baji. Nilibaki na Sudi chini ya kibaraza cha duka la simu, kilemba mkobani mwangu, bendeji yake inavuja kidogo.

Alikuwa ameinamisha kichwa, nikadhani anajuta. Nilikuwa tayari kumshika mkono, naapa. Ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni huyu.

Akasema, "Dada, wewe unawajua watu hapa. Hakuna fundi wa kuliziba lile tundu lisionekane kabisa?"

"Yupo," nikamwambia. "Mmoja tu mji mzima. Umemvunja vidole."



Leo asubuhi mama ametuma sauti nyingine, hii nayo nimeisikiliza. Amesema yameisha, tusameheane, na kwamba siku ile kilemba kitafungwa kwa mkunjo wa pembeni, tundu litaingia ndani, nani atajua? Kumbe wamelipanga tayari.

Basi nami nimepanga. Tiketi yangu ninayo. Nitakaa mbele, upande wa wakwe, na dera jipya. Bwana harusi akiingia na paji la uso safi, nitanyanyuka mbele ya kadhi na kila mtu, nitakishika kilemba kile nikifungue kichwani mwake kwa mikono yangu. Asidhani nitaona haya. Uzito wa mkono wangu anaujua.